Almasi Niliyoinunua kwa Simu

Jumamosi, 4 Januari

Madera sita leo. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Nimebadilisha sindano, wapi. Kisha akaja Rehema kupimwa nguo ya harusi, na hapo nikajua siku imeharibika kabisa.

Rehema ni mdogo wangu, tumbo moja. Anafanya kazi mapokezi, katika hoteli moja Diani. Anaolewa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Mchumba wake Nassor, mtu wa Vanga, ni baharia kwenye meli za watalii, na mwezi uliopita alimvisha pete ya almasi. Almasi! Katika ukoo wetu, kutoka Waa mpaka Kombani, hakuna aliyewahi kuivaa. Sisi tunajua dhahabu.

Siku hizi mtandio wa Rehema hautulii. Kila dakika unataka kurekebishwa, na kila mara kwa mkono wa kushoto. Nimempima kifua, nimempima kiuno, mkono ule ukinipita usoni.

Namwonea wivu. Nimeandika. Basi.

Jumanne, 7 Januari

Nilikwenda Waa kumwamkia Mama. Marahaba haijamtoka vizuri, ameshaniuliza kama nimeiona pete ikipigwa na jua. Nimeiona. Juani, kivulini, ndani, nje. Jirani alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, Rehema akaitwa atoe mkono. Akaja muuza maziwa, Rehema akaitwa tena. Muuza maziwa!

Mimi nilipoolewa Bakari alinivisha pete ya dhahabu nyembamba. Aliinunua kwa jasho lake, kwa kutengeneza mafriji ya mahoteli. Hakuna jirani aliyeitwa kuja kuitazama.

Wali wa Mama sikuumaliza. Nikasema kichwa kinaniuma, nikarudi Ukunda mapema.

Ijumaa, 10 Januari

Mama Kevin ananicheka. Ni jirani yangu wa duka, mtu wa bara, anauza mitumba ya watoto. Nilimwambia habari ya pete kidogo tu, yeye akaisoma yote usoni.

"Saumu, si ununue yako? Ni ku-order tu onlaini. Wiki tatu imekam. Ata simu yangu nilinunua hivyo."

Nikamwambia mimi si mwehu. Baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa nimeinamia simu yake kama mtoto. Kumbe zipo nyingi, kila moja na picha yake juu ya kitambaa cheusi, zinageuka zenyewe polepole. Rangi zimepangwa kwa herufi, na zinaanzia D. Shuleni kwetu D ilikuwa ya kufichwa baba asiione. Huku D ndiyo sultani.

Sikushona kitu mpaka alasiri. Mteja wa Mwabungo amenuna kwa sababu ya gauni lake, na ana haki.

Jumatano, 15 Januari

Nimefanya.

Nilikuwa na bangili. Mama alinipa siku ya harusi yangu, ni ya mama yake. Nene, ya kusokotwa, nzito mpaka mkono unauhisi ukilala. Ilikuwa moja tu, nikapewa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Kwetu bibi harusi hapambwi na dhahabu yake peke yake. Shangazi analeta, mama wadogo wanaleta, dada analeta, bibi harusi anajaa dhahabu ya watu, na kesho yake kila mtu anarudishiwa chake. Bangili ile imevaliwa na mabibi harusi wote wa kwetu.

Leo nimeitoa kabatini, nimeivaa, nimevuka Likoni nikaiuza Mombasa, kwa sonara asiyenijua. Sikutaka wa Ukunda, angejua kila mtu kabla sijafika nyumbani. Aliitia kwenye mizani hata uso wangu hakuutazama. Kwenye feri wakati wa kurudi mkono ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nikiushika.

Najiambia hivi. Nikiingia kwenye sherehe ya kupamba na almasi kidoleni, ni nani atakayeulizia bangili?

Bakari sijamwambia.

Alhamisi, 16 Januari

Nimenunua. Mama Kevin amelipa kwa kadi yake, nami nikamrudishia papo hapo. Nimechagua jiwe nililoliona kubwa na jeupe, limejaa kioo chote cha simu. Lilikuwa rahisi kuliko mengine ya pembeni yake. Nikadhani nina bahati.

Leo nimeshona nikiimba. Rehema alipita na mtandio wake. Nikamwambia amependeza, na nilimaanisha.

Jumanne, 28 Januari

Mzigo umefika Nairobi. Kila asubuhi namwomba Mama Kevin atazame. Amechoka nami. Anasema, "Saumu, tulia, haijapotea."

Rehema alikuja kuijaribu nguo. Imemkaa kama ngozi, na hiyo ni kazi yangu. Mama alikuja naye, akakaa kwenye kiti cha wateja akimtazama mwanawe kwa jicho ambalo mimi nimelisahau. Nikamtoboa Rehema kwa pini begani. Nilisema bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya sana.

Kisha Rehema akasema siku ya kupamba anataka bangili yangu mkono wa kushoto, ikae karibu na pete. Nikaitikia haya. Moyo ulishuka mpaka kwenye kanyagio la cherehani.

Alhamisi, 6 Februari

Limekuja.

Nilikwenda posta na mkasi wangu wa kitambaa, nikakata kifuko palepale kaunta mbele ya watu. Ndani kulikuwa na karatasi yenye muhuri na kibweta cha plastiki. Ndani ya kibweta, jiwe.

Jiwe tupu. Hakuna pete.

Na ni dogo kama choroko. Lile kubwa lililojaa kioo cha simu, hili hapa, choroko. Nikatikisa kifuko kama kuna kingine. Mhudumu akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Mama Kevin ameupitia tena ule ukurasa. Imeandikwa waziwazi kwamba ni jiwe peke yake, pete unachagua pembeni. Ndiyo maana lilikuwa rahisi. Sisi tumezoea dukani kwa sonara, pete unaivaa, unaitazama, unaivua, unabishana bei. Haikunijia akilini kwamba kuna mtu anauza jicho la pete bila pete.

Nilimwonyesha Bakari. Niliona bora yeye kuliko mwingine. Akaliweka kiganjani, akasema, "Limetoka wapi, kwenye saa?"

Nikamwambia ndiyo.

Jumamosi, 8 Februari

Muuzaji amejibu. Niliagiza jiwe, nimeletewa jiwe. Kurudisha kunakubaliwa, mradi kifuko hakijafunguliwa. Mkasi wangu!

Nikaenda kwa sonara wa Ukunda, mzee mpole, tunamwita Babu Sonara. Nikampa shikamoo, nikasema jiwe ni la mteja. Akatia kioo jichoni, akaligeuza kwa koleo. Akasema ni almasi ya kweli, na safi. Nilipumua.

Nikamuuliza angelichukua kwa kiasi gani.

"Mwanangu, dhahabu niletee hata saa hii nitakupimia. Jiwe mimi silinunui. Hapa nani atakuja kuliuliza?" Kisha akasema, kwa wema tu, "Mwambie huyo mteja wako alete dhahabu, nitamtengenezea pete nzuri ya kulishika."

Dhahabu. Nilicheka, akadhani nimefurahi.

Akaitazama pete yangu ya ndoa, akasema hata hii ikiyeyushwa yatosha. Nikaurudisha mkono mapajani. Hiyo hapana.

Jumanne, 18 Februari

Mama amepiga simu. Dhahabu inakusanywa. Shangazi Mwanahalima wa Kombani ameshaleta yake. Yangu iko wapi?

Nikasema iko kwa sonara inasafishwa.

Akauliza sonara gani, apite aichukue, ana safari ya Ukunda. Nikasema Mombasa. Nikamsikia akipumua kwenye simu. Mwisho akasema, "Haya mwanangu, Mungu akupe afya." Hajanitolea dua hiyo tangu nilipokuwa na mimba.

Nimeghadhibika na Rehema. Hana kosa. Nimeghadhibika naye vilevile. Angechumbiwa kwa dhahabu kama watu, haya yote yangetoka wapi?

Jumapili, 23 Februari

Juzi nikahi ilifungwa. Jana kupamba, Waa. Naandika asubuhi, miguu imevimba.

Sikulivaa jiwe, litavaliwa wapi? Niliingia na mkono mtupu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama alinitazama kifundo cha mkono mara moja, kisha akaenda kuwapokea wageni wa Vanga.

Wakamtoa Rehema. Nguo yangu, hina na piko viganjani, jasmini kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Alikuwa mzuri. Uzuri wake uliniuma kama jino.

Mkono wa kushoto alivishwa bangili ya Shangazi. Shangazi ni mnene, bangili ikampwaya Rehema, ikawa inateremka mpaka kwenye vidole na kuifunika ile pete. Pete ya almasi, usiku wake wenyewe, haikuonekana. Kila akiinua mkono inaanguka. Nikaona anahangaika. Nikapanda jukwaani na pini na uzi, nikapiga magoti mbele ya ukumbi mzima, nikaikaza kwenye mkono wa nguo. Akaniinamia sikioni.

"Da Saumu, yako ingenienea."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Jumatatu, 24 Februari

Nimemwambia Mama.

Nilimkuta anarudisha dhahabu ya watu, kila moja amezungushia kitambaa chake. Nikakaa chini mkekani. Nikasema nimeiuza. Nikasema nimenunua nini. Nikasema kwa nini, na hilo lilikuwa zito kulitamka kuliko yote, kwa sababu kwa sauti linasikika la kitoto. Kwamba nilimwonea wivu Rehema. Kwamba muuza maziwa aliitwa.

Hakunifokea. Alikunja vitambaa. Kisha akaniambia jambo nisilolijua.

Rehema alipochumbiwa aliiomba bangili ile. Si kuiazima, aliiomba iwe yake. Alimwambia Mama kwamba mimi siivai, naificha kabatini. Alilia. Mama akamkatalia.

"Nilimwambia ile ni ya Saumu. Sikumpa eti kwa sababu ni mkubwa. Nilimpa kwa sababu nilitaka kumpa yeye."

Nilifurahi. Astaghfirullah, bangili imeshayeyushwa Mombasa, Mama ana machozi, na mimi moyoni nilifurahi. Rehema aliomba akanyimwa. Furaha ilidumu mpaka nilipomtazama mikono. Mikono ya Mama haina kitu, hata pete. Alichokuwa nacho kilikuwa kimoja.

Nikalia mpaka leso ikalowa. Hakunibembeleza. Alinipa maji ya kunywa, akaendelea na vitambaa vyake.

Jana Rehema alikwenda kwa mumewe. Nimempigia, nikamwambia na yeye. Akakata simu. Haki yake.

Jumanne, 25 Februari

Bakari nimemwambia pia. Hakugomba. Alisema, "Kumbe ulikuwa ukitaka pete." Akatoka kwenda kazini bila chai. Nimeshinda na neno hilo.

Alhamisi, 27 Februari

Mfungo umekaribia, kila mtu anataka nguo. Foleni mpaka nje.

Mama alikuja mchana bila kusema anakuja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akangoja foleni ipungue kama mtu wa kawaida. Kisha akanyoosha kiganja. "Nionyeshe."

Nililitoa kwenye kopo la vifungo. Akalileta karibu na jicho, akalisogeza mbali, akaligeuza dirishani. Lilimeta kidogo. Akauliza, "Hili ndilo?" Nikasema ndilo.

Akachukua pembe ya leso yake, akalitia, akapiga fundo, akalikaza kwa meno.

"Bangili nilikupa. Hili nitakaa nalo mwenyewe."

Sikubisha. Akafumbata fundo lake, akaniuliza kama nimekula, akaondoka. Mlangoni alisema Rehema hajambo, atanipigia hasira zikimtoka. Akanisimulia alivyopika pilau kwa wakweze wa Vanga ikaungua, na Mama akacheka mwenyewe njia nzima mpaka barabarani. Nilimsikia.

Nimemaliza madera manne. La tano nimelifumua mara mbili, mawazo hayako kwenye uzi. Nawaza siku Mama atakapolifungua lile fundo, atalitia kiganjani mwa nani. Rehema ana lake tayari. Lakini leo Mama alimtaja mara tatu.