Koti la Baba na Kipandauso Changu

Kitindamimba,

Chakula kiko kwenye sufuria, pasha moto kwanza. Pazia la sebuleni usilifungue, mwanga bado unanichoma macho. Nimekwenda kazini hivyo hivyo, maana sare zinachukuliwa mchana na sijashona vifungo.

Kuhusu asubuhi. Ulitoka chumbani umevaa koti la marehemu baba yako, nikakuambia, "Vua hilo!" Ukanijibu, "Kwa hiyo baba naye amekuwa ugonjwa?" Ukalitupa kitini, ukabamiza mlango. Sikuwa na hasira, mwanangu. Nilikuwa nazuia kutapika.

Daktari alisema kipandauso kina vichocheo, na kila mtu ana vyake: njaa, kukosa usingizi, mwanga mkali, harufu kali. Akaniambia niandike kila kinachotangulia maumivu. Nimeandika miezi miwili sasa. Chakula nakula. Usingizi napata, wewe mwenyewe unanicheka ninavyokoroma. Kinachojirudia ni Jumapili, na Jumapili ndiyo siku ninayofungua kabati na kufunika uso kwa koti hilo. Manukato yake hayajapungua hata kidogo. Daktari sijamwambia, kwa sababu najua atasema nini.

Basi koti ~~lifue leo, sabuni iko bafuni~~ usilifue. Litundike chumbani kwako, mlango ufunge. Ukitoka na wenzako, livae. Mimi nikizidiwa na hamu nitakuja kukubishia hodi, dawa nikiwa nimeshaimeza.

Mama