Bibi wa Upanga Alikuwa Wima

Kariakoo,
Jumapili

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, maana simu zangu hupokei na jumbe zangu huzisomi, nami silalamiki. Mama ameniambia mwili unaendelea vizuri na mtoto anacheza tumboni. Miguu je, bado inavimba? Kula, hata kama chakula hakipandi. Eda yako ni mpaka ujifungue, na mtoto hajui eda, yeye anataka uji.

Barua hii nimempa Shangazi Mwajuma akuletee mkononi. Soma mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Hapa tupo. Mvua imetuweka kwenye tope wiki nzima. Chapati zangu nauzia chini ya turubai kule mtaa wa Gerezani, na mafundi wanakuja na mikono yao ya grisi wakiniuliza mbona siku hizi nimenuna. Unajua nilivyo na mdomo. Zamani mtu akidai chapati imeungua nilikuwa namjibu mpaka anacheka mwenyewe. Sasa nambadilishia nyingine, kimya. Mbele ya nyumba malori bado yanashusha marobota ya vitambaa, palepale robota lilipomwangukia shemeji Hamza. Nilidhani wangehamia upande mwingine, angalau kwa siku chache. Kesho yake tu walikuwa wanapakua.

Nimezunguka vya kutosha. Nije kwenye jambo lenyewe.

Ile Jumatano, siku ya tatu tangu Hamza alazwe, daktari aliniita pembeni akaniambia damu inavujia ndani, na kama ana mke, aitwe. Hakunificha. Nikatoka pale na simu mkononi, nikashindwa kubonyeza namba yako. Nilikuwa naiona ile mimba yako ya kwanza, ilivyotoka siku tuliyokupa habari ya kifo cha Baba. Ulipopiga wewe, nikakwambia ameumia kiuno, madaktari wanaangalia. Ukasema, "Achana na madaktari. Nenda kwa Bi Sharifa akamtazamie." Sikushangaa. Miaka minne mlipanga nyumbani kwake, na hukufanya jambo bila kumwuliza, hata safari ya kurudi Pangani kujifungulia kwa Mama.

Nilikwenda baada ya alasiri. Unazijua karata zake, zile kubwa za picha alizoachiwa na marehemu mumewe, si hizi za kuchezea. Akazichanganya, akaweka tatu juu ya mkeka. Ya kwanza Mfalme wa Vikombe, akasema huyo ndiye Hamza, mwanamume mpole. Ya pili hakuitilia maanani. Ya tatu Bibi wa Upanga, ameketi kwenye kiti chake cha enzi, upanga juu, mkono mwingine ameunyoosha mbele na hakuna aliyeushika. Alikuwa wima, dada. Wima kabisa, kichwa juu, anamwelekea Mfalme.

Nikamwuliza, "Si wengine husema huyu ni mwanamke mwenye akili kali tu, asiyepindisha maneno?"

"Wapo wanaomsoma hivyo," akasema. "Mimi wazee walinifundisha kwamba akiwa wima ni mjane. Ni ukiwa, ni kutengana. Mwite dada yako, mwanangu. Leo hii."

Ukapiga tena magharibi haijaingia. Nikakwambia ametoka Bibi wa Upanga. Ukauliza, "Wima au kichwa chini?"

Nikasema, "Kichwa chini."

Sisi wapangaji tulikuwa tukiambiana barazani kwamba yule bibi akipinduka, ujane nao umepinduka. Nilijua ndivyo utakavyoelewa. Ukamshukuru Mungu, ukacheka, ukasema basi utangoja mvua ipungue ndipo uje. Basi la Alhamisi asubuhi lingekufikisha hapa alasiri. Hamza alifariki Ijumaa kabla ya adhuhuri, na jioni ileile akazikwa.

Nilijiambia nakulinda wewe na mtoto. Kuna ukweli humo, lakini si wote. Niliogopa. Sikutaka kuwa mtu ambaye utaisikia sauti yake kila utakapoikumbuka siku hiyo. Nimekuwa mtu huyohuyo, tena kwa ubaya zaidi.

Sasa la Bi Sharifa. Siku uliyompigia kumlaani nilikuwa nimekaa karibu naye, nakata vitunguu. Simu yake ina sauti kubwa, nikasikia kila neno: muongo, mchawi, ulisema kichwa chini. Yule mama akanitazama. Kisha akakujibu, "Nimekosea, mwanangu. Macho yangu yamezeeka. Nisamehe."

Ulipokata simu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Hayo ya ujane kupinduka ni maneno yenu ya barazani. Wazee walimsoma vingine. Akiwa kichwa chini ni mwanamke wa hila, anayekuumiza huku anakubembeleza." Akanyanyuka kwenda kutawadha.

Tangu siku hiyo wanawake wa mtaa hawaji kwake. Uliwaambia wawili watatu, nao wameambiana. Anakaa peke yake mlango wazi, na wanaopita wanamsalimia harakaharaka kama wanaodaiwa. Juzi mpangaji mmoja alikataa sahani ya chakula aliyompelekea, mbele ya macho yangu. Bi Sharifa angeweza kusema neno moja akajitoa. Hajalisema mpaka leo. Nami nimekula naye mezani kwake siku zote hizi, nikimwachia aibu yangu aibebe. Kwa hiyo nakuomba umpigie simu. Mpigie yeye, dada. Mimi niache kwanza. Sina haki ya kukuomba kitu cha kwangu.

Nisalimie Mama, na umwambie ile dawa yake ya macho nimempa Shangazi pamoja na barua hii. Msalimie mke wa kaka, na umpe asante kwa kulala chumba kimoja na wewe wakati huu. Msalimie na mama mkwe wako. Sijui la kumwambia, ila namwombea subira.

Nilitaka kufunga hapa, nikaona nitakuwa nimekudanganya mara ya pili.

Alhamisi jioni Hamza aliniuliza, "Mwanaisha anakuja?" Nikamwambia uko njiani. Nilisema bila kusita, kama nilivyokwambia wewe. Akafurahi, akaniomba nimnyoe ndevu. Ijumaa asubuhi nesi alikuja kumgeuza, maana ubavu ulikuwa unamchoma kwa kulalia upande mmoja. Akakataa. Akasema akigeuzwa hatauona mlango.

Mdogo wako,
Zainabu