Trei ya Masijala

Tarehe 9 Juni. Asubuhi ya mawingu na manyunyu.

Mdogo wangu mpenzi,

Watoto hawajambo, pacha mmoja ameng'oka jino. Shemeji yako anakusalimu. Ile kazi aliyoahidiwa, iliyotuleta huku, wamempa mtu mwingine, lakini yeye kila asubuhi bado anavaa tai. Mimi nafua mashuka ya hoteli. Jana aliniambia, "Mama Pacha, si ungeomba likizo tu kuliko kuacha kazi?"

"Si wewe uliyesema tusigeuke nyuma?"

Alicheka, kisha akafunika uso.

Unasema huenda barua yangu ya kuacha kazi bado imelala kwenye trei ya masijala, uichomoe kabla bosi hajaiona. Asante sana. Lakini kwa miaka kumi na tisa nikitunza masijala hiyo, sikuwahi kuacha karatasi kwenye trei siku ya Ijumaa. Yangu pia niliigonga muhuri, nikaipa namba, nikampelekea bosi pamoja na jalada langu. Nilifurahi kuona trei tupu.

Hata hivyo, kaangalie. Labda mara hiyo moja nilisahau.

Ni mimi dada yako, niliyepata usingizi saa kumi alfajiri.