Jina la Kuchongwa Chini ya Shairi

Kwa dada yangu mheshimiwa Lucinda,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa na ombi moja. Mhariri Pruitt, aliyechapisha shairi lako gazetini na kuandika chini yake kwamba linaliza hata bata, jana alifika karakanani kwangu, kofia mkononi. Mama yake amefariki.

"Bwana Crandall, usinicheke. Mama ameusia jiwe lake la kaburi lichongwe shairi lile. Alilikata gazetini akalihifadhi ndani ya Biblia."

Sikujizuia. "Na bata je, alilia?"

"Bata aliyelia ndimi, bwana."

Tangu dhihaka ile umelificha jina lako, na makaburi kumi na manane hapa Ohio yana beti zako kwa jina la "Mwanamke Mmoja." Safari hii Pruitt anataka jina lako kamili.

Patasi imenolewa. Tafadhali amua: nilichonge, au nisilichonge?

Nduguyo mtiifu,
Amos Crandall, mchonga mawe