Kipanya Kisichomolewe

Baba,

Ugali wa ulezi nimeufunika, maharage yako jikoni. Nimekwenda Msanzi kwa shangazi, nitarudi jioni.

Ukiona mawingu, chomoa umeme ukutani, lakini kipanya cha kompyuta kiache. Kila ukikichomoa kwa kuogopa radi, nikikirudisha kimesahau kwamba natumia mkono wa kushoto, na vitufe vimehamia kulia. Leo asubuhi nilikuwa nikihangaika nacho, ukacheka mbele ya wateja: "Hata mashine inajua mkono wa adabu!"

~~Sitachapa tena barua za wateja wako.~~ Nitachapa.

Darasa la kwanza wewe na mwalimu mlinifunga mkono huu kwa kitambaa mwaka mzima. Kila mlipofungua, nilirudi kushoto. Mimi na kipanya tuko sawa kwa ubishi, ila mimi nina stashahada.

Bintiyo,
Coleta