Saa Iliyopanda Mlima

Alhamisi, 6 Machi

Mjukuu wangu kaleta masanduku mawili ya chuma dukani. Anasema ni saa. Saa gani haina mshale! Chuo kimeziazima kwa mtu, kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho. Zimekaa kwangu kwa sababu umeme wa chuo unakatika ovyo, na mimi nina betri nane, nimeziunga mwenyewe. Ndiyo. Chuo kizima kimekuja kwa fundi saa aliyeishia darasa la tatu.

Moja inabaki hapa. Nyingine kaipakia kwenye gari la chuo, anaipeleka mlimani kwenye mnara wa redio, alale nayo siku nne. Eti ikirudi itakuwa imetangulia. Ukiikata sekunde vipande bilioni moja, itatangulia vipande sabini na tano hivi. Kisa? Huku chini ardhi inavuta zaidi, kwa hiyo wakati unakwenda polepole.

Nimemwambia saa inayotangulia ni mgonjwa, huletwa kwangu. Kacheka, kaniita mzee wa springi.

Jumamosi, 8 Machi

Kaniachia daftari lake. Kurasa nne tangu asubuhi, kidole juu ya mstari. Nimeelewa karibu yote.

Mambo haya yalianzishwa na karani wa ofisi ya kusajili uvumbuzi. Karani! Mwaka 1905 alisema saa inayokimbia inachelewa kuliko iliyotulia. Miaka kumi baadaye akaingiza uzito: kitu kikubwa kinapinda njia ya mwanga, na wakati nao kinauchelewesha. Watu wakasubiri jua lipatwe, wakapima nyota. Kweli, zilionekana zimesogea. Baada ya hapo kila mtu akaongeza chake. Askari wa mizinga, yuko vitani, akapiga hesabu iliyowafikisha wenzake kwenye nyota zinazomeza mwanga. Padri mmoja akasema ulimwengu wote unatanuka. Wengine wakapakia saa kwenye ndege, wakaizunguka dunia. Na mwaka 2015 wakanasa mtikisiko wa anga lenyewe, wa vitu viwili vyeusi vilivyogongana zamani mno.

Nimemsimulia fundi cherehani wa mlango wa pili. Kaniuliza kama huyo karani aliwahi kutengeneza saa hata moja. Nikamwambia ashone.

Jumatatu, 10 Machi

Mjukuu karudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kaunganisha masanduku kwa waya kwenye kisanduku cha namba, kinachoonyesha yamepishana kiasi gani. Akasema yatulie saa nzima, halafu mwalimu wake aje asome kwa macho yake na kutia sahihi. Akaenda kumchukua.

Tukabaki mimi na wagonjwa. Namba ilisema sabini na tatu. Sabini na nne. Zinapishana kweli! Sasa, mimi miaka arobaini na moja hakuna saa mbili zilizotoka hapa zikipishana. Na kile kitufe cha kuzilinganisha nilimwona akikibonya Alhamisi, kabla ya safari. Nikakibonya. Sifuri. Safi kabisa. Nikafuta na vumbi.

Mwalimu kainama, kaangalia, kavua miwani. Akasema taratibu kwamba mlima haukufanya kitu, basi sura ya tano ya tasnifu itolewe. Nikaona anahangaika bure. Nikamwambia zilikuwa zinapishana, nimezirekebisha mimi, na sitaki hata shukrani.

Nikamtajia ile namba. Akasema namba aliyoiona babu mtu si kipimo.

Mjukuu wangu kakaa kwenye kiti cha wateja.

"Babu, huko kupishana ndiko nilikokuwa nakutafuta."

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

Jumanne, 11 Machi

Mwenye saa anazitaka Jumatatu ijayo. Bado kuna nafasi ya safari moja, moja tu, na mwalimu kakubali sura ya tano ingoje. Lakini Ijumaa mjukuu anasimama mbele ya jopo la walimu kujieleza, hawezi kulala mlimani. Gari lipo. Dereva anashusha mtu na kurudi. Wa kukaa na saa hakuna.

Nikasema nakwenda mimi. Mwalimu akaniangalia magoti. Nikamwambia kazi ni ya kukaa, na kukaa hakuna anayenishinda. Hapo hata mjukuu kacheka kidogo. Kisha kaniapisha: nisiguse kitu. Mara tatu kaniapisha, kama mtoto!

Bado nasema saa inayotangulia ni mgonjwa. Lakini huyu mgonjwa ni wa mjukuu wangu. Sina budi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya pili huku juu. Baridi ya kukata masikio. Sijagusa kitu.

Mlinzi wa mnara kaishi hapa miaka kumi na miwili. Nimemweleza kwamba anazeeka haraka kuliko watu wa chini. Kashtuka. Nikampigia hesabu: yote ikijumlishwa haifiki kupepesa jicho. Akasema hata hivyo wangemwambia mapema. Nami nazeeka kwa ajili ya sura ya tano — na iwe.

Saa nne asubuhi. Umeme umekatika. Mlinzi anahangaika na jenereta, inakohoa tu. Sanduku linakula betri yake ya ndani. Taa ya kijani imegeuka njano. Betri ya gari niliyopewa ya akiba iko hapa sakafuni, nyaya mbili ziko nyuma ya sanduku. Likizima, tumekwisha, hakuna safari nyingine.

Naijua betri. Nimeunga betri kabla mama wa mjukuu wangu hajazaliwa. Mkono ulishanyooka. Nikaurudisha.

Maisha yangu yote sijamuuliza mtu saa ishikwe wapi. Nimempigia mjukuu. Saa hizi yuko mbele ya jopo. Imeita mpaka ikakata. Nimepiga tena, simu iko mezani, spika wazi.

Inaita.

Naandika hapa ili mikono iwe na kazi nyingine.