Udongo wa Padre Abrahamu

Nyololo, Mufindi,
Tanganyika.
9 Agosti 1953

Mpwa wangu mpendwa Jailos,

Kamwene huko Kitwe. U mzima? Marta hajambo, na huyo mtoto nisiyemjua bado? Kifua chako je, vumbi la mgodi limekiachia? Mimi mjomba wako ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imenikunja. Mke wangu anasema naota moto mchana kutwa kama paka.

Picha yako tumeiona. Suruali ile ingetutosha sote wawili, pamoja na tumbo langu.

Sasa habari za mama yako. Tangu ile simu ya maandishi ya kwamba kaka yako Padre Abrahamu ameuawa vitani, katika nchi ya Malaya, akiwahudumia askari wetu, na kuzikwa hukohuko, dada yangu Verediana alikataa kunyolewa nywele za kumaliza msiba. Unajua kwetu: msiba hauishi mpaka aliyemtia marehemu udongo asimame uani aseme, nimemzika. Basi moto wa msiba ukabaki unawaka, naye analala chini kando yake, mwezi baada ya mwezi, anakonda. Nilimsihi. Akaniambia, "Kalinga, wewe nenda kale." Nami, unavyonijua, nikaenda.

Juzi alishuka kwenye basi la Mbeya askari mmoja wa magongo, Asukile, wa Tukuyu. Mguu wake umebaki Malaya. Alikuja kutupa pole. Mama yako hakumpa hata kiti.

"Nani alimtia udongo mwanangu?"

"Mimi, mama."

Akaishika mikono yake, akaigeuza, akaitazama kama atazamavyo mbegu.

"Udongo wa huko ukoje?"

"Mwekundu, mama. Kama huu wenu."

Akaketi. Akaomba wembe. Jioni ile tulimnyoa, moto tukauzima, akala ugali, akalala kitandani.

Nilipomsindikiza Asukile barabarani asubuhi, alisimama akashindwa kunitazama. "Baba, kaburi lile sikuliona." Yeye ndiye aliyekuwa amelala porini amepigwa risasi, na Padre akamtambalia na mafuta matakatifu. Si Mkatoliki hata, ni Mmoraviani; Padre hakuuliza. Risasi ya pili ikampata Padre, akamwangukia juu. Asukile alizinduka hospitalini, mguu hakuna, na Padre amekwisha kuzikwa.

Nilimwambia apande basi.

Neno hili, mpwa wangu, ulimeze. Usinijibu juu yake, maana barua zako ninamsomea mama yako mimi, na uso wangu huu mpana haujui kuficha kitu. Andika tu kwamba unamshukuru Asukile kwa kumtia kaka yako udongo. Nitaisoma kwa sauti.

Mpe Marta salamu zangu, na umbusu mtoto. Mama yako anakubariki. Amesema nikuandikie kwamba sasa anao tena wana wawili, wewe na huyo wa magongo. Mungu akutoe salama chini ya ardhi kila siku.

Wako akupendaye, mwenye tumbo lake,
Mjomba Kalinga